Maneno adimu ya Kiingereza kwenye ubao wa Scrabble, na kwao ni wapi

Jumapili moja alasiri, kwenye baraza la nyumba ya Kirumba, Mwanza, tunakochezea Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno yenye pointi, kijana mmoja anayepakia dagaa pale soko la Mwaloni aliweka herufi mbili ubaoni, X na U, akahesabu pointi zake kwa ncha ya kidole, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa herufi kuchota nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Mzee aliyekaa mbele yake, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, alivua miwani.

"Kijana wangu, hilo si neno."

"Ni neno, mwalimu."

"Maana yake nini?"

"Maana siijui, mwalimu. Lakini lipo."

Orodha ya maneno halali ilifunguliwa kwenye simu, XU ikaonekana, na kwa sheria ya baraza letu anayepinga neno lililo halali hupoteza zamu yake. Mwalimu alinyamaza hadi mchezo ukaisha. Baadaye alisema kwamba kilichomuudhi si kushindwa, bali kushindwa na neno ambalo hata aliyeliweka hawezi kulitolea maelezo. Nimeyafikiria sana maneno yake, kwa sababu naona kila mmoja wao alikuwa na nusu ya haki, na nusu hizo mbili zikiunganishwa ndipo maneno haya ya ajabu yanapoanza kujifunzika.

Kwa sheria, kijana alikuwa sahihi kabisa. Scrabble haimtaki mchezaji aeleze maana. Inataka neno liwemo katika orodha iliyokubaliwa, basi. Mfano unaotajwa kila mara ni wa Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa, na mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania huko Granada, Hispania. Kwake yeye neno ni mfuatano wa herufi tu, na kichwa chake kinaubeba kama ulivyo. Lakini kichwa cha namna hiyo ni cha nadra, na anayeiga mbinu hiyo bila kuwa nacho hufanana na mgeni aliyekariri vituo vyote vya daladala kutoka Nyegezi hadi Igoma: atavitaja kwa mpangilio bila kukosea, ila ukimshusha katikati ya njia hajui alipo.

Kwa sisi wengine maana ni kigingi cha kufungia neno lisitoroke. Tena ina kazi ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza: inatuambia neno ni nomino, kitenzi au kivumishi, na kwa hiyo linaweza kuongezewa herufi gani mwanzoni au mwishoni. Wachezaji wa Kiingereza huziita herufi hizo za kuongezea kwa jina lenye maana ya ndoana, jina ambalo watu wa ziwani hawahitaji kufafanuliwa. Anayejua kwamba CWM ni bonde anajua pia kwamba mabonde yanaweza kuwa mengi, hivyo CWMS ni halali. Anayejua kwamba NTH ni kivumishi cha kihesabu, chenye maana ya kitu cha mara isiyotajwa idadi, hatajaribu kukipachika S. YCLEPT, neno kongwe lenye maana ya "aitwaye", nalo halikubali S, kwa kuwa hakuna wingi wa kuitwa. Mitego ipo, lazima niseme: UNCO ni neno la Uskoti linaloonekana kuwa kivumishi, "geni, la ajabu", lakini Waskoti hulitumia pia kama nomino, na kwa hiyo UNCOS inapita. Hata mtego huo huuruka yule tu aliyeisoma maana yote, wala si nusu yake.

Thamani ya S yenyewe ina historia. Mchezo huu ulibuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York, katika miaka ya 1930 alipokuwa hana kazi kwa sababu ya mdororo wa uchumi, naye alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja hutokea mara ngapi. Jina la Scrabble lilisajiliwa baadaye, mwaka 1948, na mshirika wake James Brunot. Kati ya herufi 100 za mfuko mmoja, E ziko 12 na A ziko 9, lakini S Butts aliziacha 4 tu kwa makusudi, ili wachezaji wasiishi kwa kutengeneza wingi. Ndiyo maana S moja mkononi ni akiba, na kuitumia kupata pointi tano ni ufujaji. Nimeuona ufujaji huo mara nyingi mno, na mara nyingine ni mkono wangu mwenyewe ulioufanya.

Kabla ya kuingia kwenye maneno, mchezaji aulize kwanza anatumia orodha gani. Marekani na Kanada wana yao, ambayo ni fupi zaidi. Sehemu nyingine za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, mashindano ya Kiingereza hufuata orodha ya Collins, ambayo ina maneno zaidi ya 270,000. Tofauti hiyo si ndogo. ZO, mnyama chotara wa yaki na ng'ombe huko Tibet, na CH, namna ya kale ya kusema "mimi" katika lahaja za Uingereza, vimo kwa Collins lakini havimo katika orodha ya Amerika Kaskazini. Anayejifunza kwa programu ya simu iliyowekewa orodha ya Marekani, kisha akaja kucheza na wanaotumia Collins, atapinga maneno halali na kupoteza zamu bure.

Na hapa kuna jambo linaloeleza kwa nini orodha hii imejaa maneno ambayo hata Mwingereza wa kawaida hayajui. Kabla ya Collins kushika nafasi hiyo mwaka 2003, kamusi ya marejeo huko Uingereza ilikuwa ya Chambers, nyumba ya vitabu iliyoanzia Edinburgh. Na Collins nao walianzia Glasgow mwaka 1819. Kamusi zote mbili, kwa maneno mengine, zina asili ya Uskoti, na ni kawaida ya mtunga kamusi kutoyaacha nje maneno ya kwao. Ndiyo sababu tunalo JO, mpenzi, AE, moja, BRAE, mteremko wa kilima, na KYE, ng'ombe, neno ambalo wafugaji wa Usukuma wangestahili kulijua kabla ya watu wote. Chambers walikuwa pia na desturi ya kuhifadhi maneno ya washairi na watunzi wa tamthilia wa kale kama Spenser na Shakespeare pamoja na tahajia zao za zamani, na kwa mlango huo yakaingia maneno kama YCLEPT.

Maneno ya herufi mbili ndiyo msingi, na katika orodha ya Collins yanazidi 120. Hayo hayana njia ya mkato, yakaririwe yote. Lakini hata hayo hukaririka kwa urahisi zaidi ukiyajua makwao. XU iliyomvua mwalimu miwani ilikuwa sarafu ya Vietnam, sehemu moja ya mia ya dong, na jina lake lilitokana na sarafu ndogo ya Kifaransa, SOU, iliyofika huko na wakoloni. Kwa hiyo neno moja lilitoka Ulaya, likabadilisha sura Asia, likarejea Ulaya likiwa na X, na leo yote mawili ni halali. QI ni pumzi au nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, nayo huandikwa pia CHI au KI. KA ni nafsi katika imani za Misri ya kale. AI ni yule mnyama mzito wa miguu wa misitu ya Amerika Kusini, mwenye vidole vitatu, anayeshinda akining'inia mitini. AA ni ujiuji wa volkano uliopoa na kuwa mawe yenye makali, kama wanavyoita Wahawaii. OE ni kimbunga cha visiwa vya Faroe. ZA, ambayo kwetu ni kiunganishi tu, ni pizza iliyokatwa kichwa na vijana wa Marekani.

Mchezaji wa Kiswahili anapofika kwenye Q isiyo na U ndipo anapogundua kwamba alikuwa amebeba ufunguo bila kujua. Mwingereza huiogopa Q kwa sababu lugha yake karibu daima huiambatanisha na U, na zipo U nne tu mfukoni. Akiishika Q bila U huona mkono wake umefungwa. Sisi tuliyapokea maneno ya Kiarabu karne nyingi zilizopita, tukaigeuza sauti ile ya kooni kuwa K, na Kiingereza kikayapokea yaleyale kwa kuiandika Q. Kwa hiyo QIBLA ni kibla, TALAQ ni talaka, WAQF ni wakfu, QADI ni kadhi, FAQIR ni fakiri, na SUQ ni soko. Mtu aliyekulia karibu na msikiti wowote wa mjini hapa anayajua yote sita kwa maana. Anachokosa ni tahajia pekee. WAQF ina pointi 19 hata kabla ya miraba ya rangi ya ubao, ile inayozidisha pointi, kuhesabiwa, na TALAQ 14. Mara ya kwanza TALAQ ilipowekwa barazani kwetu, mama mwenye nyumba aliisoma kutoka mlangoni akauliza ni nani kati yetu anayemwacha mke kwa pointi kumi na nne. Kwenye mlango huohuo wa Q ongeza QAT, ambayo pia huandikwa KAT au KHAT: ni mirungi, wengine husema miraa, na sidhani kama inahitaji maelezo zaidi.

Kuna tabaka jingine lililo karibu nasi zaidi, nalo ni maneno ya Kiswahili chenyewe. SAFARI kila mtu anaijua, lakini wachache wanajua kwamba kwa Kiingereza imekuwa kitenzi, hivyo SAFARIED ni halali, na SAFARIING, yenye I mbili zilizofuatana, pia ni halali. BWANA, ASKARI, SIMBA na PANGA vilishaingia zamani. Katika orodha ya Collins wamo pia JAMBO, KANZU, KANGA na mwenzake KHANGA, DUKA, BOMA, UGALI, POMBE, MZEE na UHURU. UJAMAA imo kwa maana ileile ya siasa iliyotangazwa Arusha mwaka 1967, na sharti lake ni A tatu na J moja mkononi, mkono ambao Mwingereza angeurudisha mfukoni haraka. UHURU inakula U tatu kati ya nne zilizomo katika mchezo mzima. Ni neno la kumwokoa aliyejaziwa U, na ni neno la kumnyima mpinzani anayesubiri U kwa ajili ya Q yake. MVULE, mti ule mkubwa wa mbao ngumu, umo kwa jina lake hilohilo.

Faida yetu hapa haiko kwenye kujua maneno peke yake, iko masikioni. Mchezaji aliyezaliwa na Kiingereza akiona M na Z, au N na G, au M na V zimekaa pamoja mwanzoni mwa neno, jicho lake linakataa kabla akili haijafikiri. Jicho la Mswahili halikatai. MZEE, MVULE, NGOMA, MBIRA ambayo ni ala ya Wazimbabwe, NGWEE ambayo ni senti ya Zambia: yote hayo yanapita mdomoni mwetu bila kukwama, na kwa Msukuma anayesema ng'ombe na ng'wana tangu utotoni ndiyo kabisa.

Hata hivyo neno halihalalishwi kwa kuwa la Kiswahili. Kijana wetu wa Mwaloni, siku aliyokuwa na D, mbili za A, G na nyingine ya A, aliweka DAGAA kwa kujiamini kote kwa mtu aliyeipakia asubuhi hiyo. Orodha ilikataa. Ilichokuwa nacho ni DAGGA, yenye G mbili, na hilo ni jina la bangi huko Afrika Kusini. Alilalamika kwamba wazungu wanaijua bangi lakini hawaijui mboga ya ziwa zima, na sikuwa na la kumjibu. Tahajia nayo ina hila zake, na wingi una hila zaidi: Kiingereza kikishalimiliki neno hulitendea kama lake, kwa hiyo ni KANZUS na SIMBAS, na tabia zetu za ngeli zinabaki mlangoni.

Isipokuwa mara chache, na mara hizo chache ndizo ninazozipenda kuliko zote. Majina ya fedha za nchi za Kibantu yaliingia kamusini pamoja na wingi wake wa Kibantu. Fedha ya Lesotho ni LOTI, na wingi wake unaokubaliwa ni MALOTI. Sarafu ya Zaire ya zamani ni LIKUTA, na wingi wake MAKUTA. Fedha ya Eswatini ni LILANGENI, na wingi wake EMALANGENI, ingawa sijawahi kumwona mtu akipata nafasi ya kuliweka neno la herufi kumi. Mchezaji wa Uingereza hukariri jozi hizi kama maajabu yasiyo na kanuni. Kwetu kanuni ni ileile ya jicho na macho, jina na majina, na anayeiona hana haja ya kukariri.

Fedha, kwa jumla, ni ghala kubwa la maneno adimu, kwa sababu kamusi hulazimika kuitaja sarafu ya kila nchi hata iwe ndogo namna gani: LEU ya Romania na wingi wake LEI, KYAT ya Myanmar, BAHT ya Thailand, TALA ya Samoa, JIAO ya China. KWACHA ya Zambia na Malawi maana yake ni kwamba kumekucha, na aliyewahi kuamshwa kwa neno hilo hatalisahau. PULA ya Botswana ni mvua, jina lililochaguliwa katika nchi kame ambako mvua ni baraka, na Msukuma anayeiita mvua mbula ataona kwamba tofauti ni herufi chache tu.

Sharti niseme pia juu ya ndugu wa uongo, maana hawa humchanganya mtu. BABA ni halali, lakini ni keki iliyoloweshwa pombe kali. DADA ni halali, lakini ni mkondo wa sanaa ulioanzia Zurich mwaka 1916. KAKA ni halali, lakini ni kasuku wa New Zealand. Na TUI ni ndege mwingine wa hukohuko, wala hahusiani na nazi. Familia nzima imekaa ubaoni bila kujuana. Ajabu ya KAKA ni kwamba mfuko mzima una K moja tu, hivyo huwezi kuiandika bila kutumia mojawapo ya herufi tupu mbili, ambazo husimama badala ya herufi yoyote lakini hazina pointi. Vivyo hivyo KIKOI, vazi letu la pwani, na SYZYGY, neno la wanaastronomia kwa jua, dunia na mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja, kama inavyokuwa wakati wa kupatwa: linataka Y tatu, na zilizopo ni mbili. Maneno ya namna hii ni mazuri kuyajua, lakini herufi tupu inayotumika kwa KAKA ni herufi tupu iliyopotea.

Upande wa irabu nitaupita upesi. Kiswahili kinapenda irabu, Kiingereza kinazivumilia. Mkono wenye A, E, I, O, U na nyongeza ya I ni mzigo unaotakiwa kutuliwa haraka. AIOLI, mchuzi wa kitunguu saumu, ADIEU, kwaheri, ETUI, kikebe cha sindano, MIAOU, mlio wa paka, AALII, mti wa Hawaii: hayo hupunguza mzigo. Neno moja tu nitasimama kwake, EUOUAE, ambalo ni irabu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Linatokana na maneno ya Kilatini seculorum Amen, yanayofunga sala ambayo Wakatoliki wa hapa huijua kama Atukuzwe Baba. Waandishi wa nyimbo za kanisa katika zama za kati waliziondoa konsonanti na kuziacha irabu ili kumwonyesha mwimbaji noti za kumalizia. Kila aliyewahi kuimba "milele na milele, Amina" ameligusa neno hilo bila kulijua.

Konsonanti tupu, kinyume chake, zinatoka zaidi Wales, kwa sababu katika Kiwelisi W huhesabika kama irabu. CWM, niliyoitaja, ni bonde, na wanajiografia hulitumia kwa shimo la duara linalochongwa na barafu juu mlimani. Bonde la namna hiyo lililoko Everest liliitwa kwa neno hilo na George Mallory mwaka 1921. CRWTH ni ala ya nyuzi ya huko, kitu kinachofanana na zeze.

Sasa, anayesoma haya anaweza kudhani kwamba ushindi hupatikana kwa maneno marefu ya ajabu. Hupatikana, mara nyingine. Rekodi inayojulikana zaidi ya neno moja kwenye mashindano ni ya Karl Khoshnaw, aliyeweka CAZIQUES huko Uingereza mwaka 1982 na kupata pointi 392. CAZIQUE ni chifu wa visiwa vya Karibi, mtemi wa huko, tungesema. Hesabu yake inafaa kufuatwa kwa utulivu. Herufi nane za neno hilo zina jumla ya pointi 28. Likilala pembezoni mwa ubao kutoka mraba mwekundu wa katikati hadi ule wa kona, Q huangukia kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, na jumla inakuwa 38. Miraba miwili myekundu ni mara tatu mara tatu, yaani mara tisa, ambayo ni 342. Na aliyetumia herufi zake zote saba kwa mkupuo mmoja huongezewa 50.

Lakini Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Wellington Jighere wa Nigeria, aliyeshinda huko Perth, Australia, mwaka 2015, anakumbukwa kwa FELTY, neno la herufi tano lililompa pointi 36 katika fainali. FELTY ni kivumishi cha kitu kinachofanana na kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, kama kile cha kofia za baridi. Wanigeria walijulikana kwa kuipa heshima mbinu ya maneno mafupi: kutoa herufi mbaya, kubakiza nzuri, na kuufunga ubao ili mpinzani akose pa kuweka neno lake refu. Naiona ni mbinu ya mvuvi anayejua kwamba usiku mmoja haumalizi samaki wote. Kwa anayejifunza, ninashauri mpangilio wake uwe hivi: maneno ya herufi mbili yote kwanza, kisha Q bila U, kisha maneno ya Kibantu na fedha ambayo kwetu ni nusu ya bure, na maneno ya herufi saba mwisho. Hata hayo ya mwisho yana mashina yake, kama TISANE, chai ya majani ambayo sisi tungechemsha mchaichai, ambayo ukiiongezea Z unapata ZANIEST, ukiiongezea M unapata INMATES, na ukiiongezea K unapata INTAKES.

Jumapili iliyofuata mwalimu alirudi barazani akiwa na daftari dogo la mistari, ameandika maneno upande wa kushoto na makwao upande wa kulia. Katikati ya mchezo aliweka PULA, akasubiri. Mama mwenye nyumba, Msukuma wa Magu, alikuwa akipita na birika la chai. Alisimama akalisoma kwa sauti.

"Mbula?"

"Karibu sana, mama," mwalimu alijibu. "Ni hela ya Botswana."

Kijana wa Mwaloni hakupinga. Alizitazama herufi zake saba kwa muda, akaichukua S moja aliyokuwa ameitunza tangu mwanzo wa mchezo, akaiweka mwishoni mwa neno la mwalimu, na kuanzia hapo akashusha neno lake kwenda chini.